Figo zimekufa, moyo nao dhaifu: kwa nini tusianze na dialisisi ya tumbo?

Mleta mada
Wakuu, huku kwetu ukitaja dialisisi, yaani kusafisha damu figo zikishindwa, watu wanawaza mashine tu. Mimi nasema mwenye moyo uliochoka aanzie tumboni. Mashine inavuta ndani ya saa nne maji yaliyojikusanya kwa siku mbili tatu. Presha ikiporomoka, msuli wa moyo unakosa damu, na hali hiyo ikijirudia wiki hadi wiki moyo unazidi kuchoka. Isitoshe, fistula ya mkononi, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu, inaulazimisha moyo kusukuma damu nyingi zaidi usiku na mchana. Kwa njia ya tumbo unaweka lita mbili za maji ya dawa, unabadilisha mara nne kwa siku, na maji ya ziada yanatoka taratibu. Hong Kong wanaipa kipaumbele katika hospitali za umma tangu 1985.

Muuguzi wa figo
Mkuu, kinachovuta maji huko tumboni ni sukari, mbona hukuitaja? Mifuko ina dekstrosi ya asilimia 1.5, 2.5 hadi 4.25, na nyingi yake inaishia kwenye damu. Mtu ananenepa, mafuta ya damu yanapanda, mwenye kisukari anaongezewa insulini. Moyo unaumizwa na hayo hayo.

Halafu utando wa ndani ya tumbo, ambao ndio chujio lenyewe, unachakaa. Miaka ikienda, kwa baadhi yao sukari inanyonywa upesi mno, kwa hiyo haibaki ya kuvuta maji. Hapo ndipo hatari ilipo, maana mgonjwa haanguki wala hasikii kizunguzungu. Anajiona mzima, kumbe maji yanabaki kidogo kidogo, presha inapanda, kuta za moyo zinanenepa. Siku akivimba miguu na kushindwa kulala chali, tumechelewa. Mimi swali langu la kwanza ni moja: bado anakojoa kiasi gani? Maana mkojo uliobaki nao unatoa maji.

Mleta mada
Hiyo ni sababu ya kumfuatilia, si ya kumnyima. Apime uzito na presha kila asubuhi, apunguze chumvi, na mfuko wa muda mrefu wa usiku uwe wa ikodekstrini, wanga unaonyonywa polepole, badala ya dekstrosi. Na mkojo unaousema, njia ya tumbo huutunza kwa muda mrefu kuliko mashine.

Mchangiaji mwingine
Ikodekstrini ipatikane wapi, kaka, na nani alipe? Thailand walianza na tumbo kwenye bima yao ya umma mwaka 2008, ikafika 2022 wakamruhusu mgonjwa achague. Wengi walikimbilia mashine.

Muuguzi wa figo
Mleta mada, nijibu hili: mgonjwa hakojoi hata tone, kila pigo moyo unasukuma asilimia 25 tu ya damu iliyomo, nyumbani maji ya bomba ya kunawia ni ya mgao. Bado tumbo?