Msaada: mwanafunzi kauliza, DNA ni asidi na imejaa besi, mbona haijibatilishi?

Madam_Bios (mwanzisha uzi):
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Biolojia kidato cha sita, shule ya serikali, maabara yetu ina meza nyingi kuliko vifaa. Juzi nimechora DNA ubaoni: sukari ya deoksiribozi, fosfati, kisha besi nne, adenini kwa thaimini, guanini kwa saitosini. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Madam, kwenye Kemia tumeambiwa asidi ikikutana na besi zinabatilishana, tunapata chumvi na maji. DNA ni asidi, na ndani imejaa besi. Mbona haijibatilishi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lina kichwa na miguu. Nimeahidi kulijibu Alhamisi, na vitabu nilivyonavyo vinapita juu juu. Naomba maelezo ninayoweza kuyasimamia mbele ya watoto wa PCB. Na kama kuna kitu cha kuwaonyesha kwa macho bila vifaa vya maabara, nitashukuru zaidi.

Jirani_Mwema:
Nimeona "DNA" nikakimbilia humu nikijua kuna baba kapata majibu kutoka kwa Mkemia Mkuu. Kumbe ni shule. Haya, nakaa dawati la nyuma.

Chaki_Nyeupe:
Madam usijisumbue. Fosfati ziko nje, besi ziko ndani, hazigusani. Waambie hivyo uendelee na silabasi.

Mtu_wa_Maabara:
@Chaki_Nyeupe hapana mkuu, hilo binti atalivunja kwa swali moja tu. Nyukleotidi moja (yaani sukari, fosfati na besi yake) ikiwa peke yake kwenye maji haina nje wala ndani, na bado haijibatilishi.

Madam, anzia kwenye protoni, maana asidi hutoa protoni na besi hupokea. Katika mnyororo wa DNA kila fosfati imeshikwa na sukari mbili, kwenye kaboni ya 3 ya sukari moja na kaboni ya 5 ya sukari inayofuata. Inabakiwa na haidrojeni moja ya kutoa, nayo huitoa kirahisi sana. Ndani ya seli, ambako pH iko karibu na 7, protoni hiyo ilishaondoka zamani na fosfati imebaki na chaji hasi. Hiyo ndiyo asidi ya DNA.

Sasa njoo kwa besi. Kinachozipa tabia ya besi ni naitrojeni zilizomo. Lakini nyingi ya naitrojeni hizo elektroni zake zimevutwa kwenye pete, haziko huru kudaka protoni, kwa hiyo hizi ni besi dhaifu mno. Kwenye pH 7 hazina chaji yoyote. Protoni ya fosfati ilichukuliwa na maji, si na besi.

Na binti hajakosea kama darasa lilivyodhani. DNA kwenye seli ni chumvi kweli! Ila chaji ya fosfati haisawazishwi na besi zake, inasawazishwa na sodiamu, potasiamu, magnesiamu, na zile protini za histoni zenye lisini na arginini kwa wingi, ambazo zina chaji chanya. Akitaka kuona besi zikifanya kazi ya besi, pH ishushwe sana: zitapokea protoni, bondi za haidrojeni zitavurugika, na nyuzi mbili zitaachana.

Madam_Bios:
@Mtu_wa_Maabara ubarikiwe sana. Hapo kwenye chumvi umenifungua. Kwa hiyo chaji hasi ya fosfati ndiyo ya kuisisitiza?

Mtu_wa_Maabara:
Ndiyo hiyo. Hata sisi tunapotenganisha vipande vya DNA kwenye jeli kwa umeme, vyote vinakimbilia ncha chanya, na vifupi vinatangulia. Vipimo vya akina @Jirani_Mwema vinategemea hilo hilo.

Mzee_wa_Faili:
Madam, waambie pia kwamba suala hili lilimwangusha Linus Pauling. Huyu si mtu mdogo, mwaka 1954 alipewa Nobel ya Kemia kwa kazi yake kuhusu bondi. Mwanzoni mwa 1953, yeye na Robert Corey walichapisha umbo la DNA lenye nyuzi tatu, fosfati zikiwa zimebanwa katikati na haidrojeni zake bado zimeshikiliwa. James Watson, aliyekuwa akilitafuta umbo hilo hilo na Francis Crick, alipoisoma kule Cambridge hakuamini: asidi ya Pauling haikuwa asidi. Na zikitoa protoni zake, chaji hasi zote hizo zikiwa zimerundikana katikati zinasukumana na umbo linasambaratika.

Lakini Watson na Crick wasitambe sana. Mwishoni mwa 1951 na wao waliunda nyuzi tatu zenye fosfati ndani. Rosalind Franklin alikuja kutoka London, akaitazama, akaikataa: fosfati lazima ziwe nje, kwenye maji. Alikuwa sahihi, na picha za eksirei za maabara yake ndizo zilizoonyesha umbo la kujizungusha. Makala ya Watson na Crick ilitoka Aprili 25, 1953. Franklin alifariki 1958, Nobel ya akina Watson ikatolewa 1962. Mimi ningewasimulia hili kabla ya kuchora chochote.

Chaki_Nyeupe:
Stori nzuri ila NECTA haimuulizi Pauling. Wanaulizwa A ikiwa asilimia 30, G ni ngapi.

Mzee_wa_Faili:
Asilimia 20, kwa DNA ya nyuzi mbili. Mwambie mtahini wako kuna virusi vyenye uzi mmoja tu, phiX174 kwa mfano, na hesabu hiyo kwao haikubali.

Dogo_wa_Chuo:
Madam, kwa upande wa mtihani hakikisha mchoro una mishale. Uzi mmoja unatoka kaboni ya 5 kwenda ya 3, mwenzake kinyume. Mfano wa ngazi unalificha hilo, maana nguzo za ngazi hazina mwelekeo, na alama nyingi zinapotelea hapo. A na T bondi mbili, G na C tatu.

Mama_Kitunguu:
La kuonyesha kwa macho ninalo. Twanga kitunguu maji, changanya na maji yenye kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vya sabuni ya maji ya vyombo. Koroga taratibu isitoe povu, iache kama dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi. Weka kwenye glasi inayopenyeza mwanga, kisha mimina spiriti baridi sana ikiteremka pembeni mwa glasi ili ikae juu. Pale zinapokutana utaona nyuzi nyeupe kama kamasi zikipanda.

Sabuni inavunja mafuta ya utando wa seli. Chumvi inaleta sodiamu ya kukaa na fosfati. Spiriti inapunguza uwezo wa maji kuzitenganisha hizo mbili, zikashikana, DNA ikashindwa kubaki imeyeyuka. Ni swali lile lile la binti, kwenye glasi.

Madam_Bios:
Jamani! Sina friji shuleni. Na je, tutakachokiona ni DNA tupu?

Mama_Kitunguu:
Nunua barafu, chupa ya spiriti ikae kwenye ndoo tangu asubuhi, mbali na jiko. Tupu hapana, kuna RNA na protini zimeng'ang'ania. Wakikuomba waone umbo la kujizungusha, waambie uzi wenyewe una upana wa nanomita 2, hata darubini yenu haiufikii. Wanachoona ni nyuzi nyingi mno zimesokotana.

Jirani_Mwema:
Spiriti ya rangi ya bluu inafaa au lazima nyeupe?

Mama_Kitunguu:
Inafaa, ila nyuzi zinaonekana vizuri zaidi kwenye isiyo na rangi. Usiinywe, nakujua.