Desemba ipo kwenye kalenda kila mwaka, kwa nini mifumo ya tiketi za mabasi inagoma?

Wakuu, nimechoka kusikia "mtandao unasumbua". Kila Desemba watu wa Dar wanaokwenda Moshi na Arusha wanagombea viti vilevile asubuhi ileile, mfumo unagoma, pesa ya simu imeshakatwa na tiketi haijatoka. Ukiuliza, fundi anakujibu: "Tuko kwenye klaudi, databesi inajipanua yenyewe."

Haijipanui hivyo! Chukueni DynamoDB, databesi ya klaudi ya Amazon. Ukichagua kulipia uwezo uliopangwa (kiasi cha kusoma na kuandika kwa sekunde unachokitaja mwenyewe) na kuacha ujipanue, kengele inayoamuru kupanua inasubiri matumizi yavuke kiwango kwa dakika 2 mfululizo, halafu kupanua kwenyewe nako kunachukua dakika zake. Akiba ya uwezo ambao haukutumika ni ya sekunde 300 tu. Tiketi zikifunguliwa saa 2 kamili, watu wameshakwama. Hata mpango wa kulipa kwa matumizi una mpaka: unahimili papo hapo hadi mara mbili ya kilele chako cha awali. Ukivuka hapo ndani ya dakika 30, maombi yanaweza kuanza kukataliwa.

Kinachoniudhi zaidi ni ufunguo wa jedwali, yaani thamani inayoamua rekodi ikae kipande gani cha jedwali; kipande hicho ndicho patisheni. Patisheni moja mwisho wake ni yuniti 1,000 za kuandika kwa sekunde, hata ulipe kiasi gani. Mtu anaweka ufunguo "DAR-MOSHI", matokeo yake tiketi zote za njia hiyo zinarundikana hapo huku patisheni nyingine zimelala. Pigeni hesabu: yuniti 1 inaandika KB 1. Rekodi ya basi zima na majina ya abiria ikifika KB 3, kila kuandika ni yuniti 3, na kwa muamala (maandishi kadhaa yanayofaulu au kushindwa kwa pamoja) ni 6. Gawanya 1,000 kwa 6: mara 166 kwa sekunde, basi. Tena wawili wakigombea kiti kimoja, yule aliyekataliwa naye amekula yuniti! Wengi hawalihesabu hili, na siku ya msongamano waliokataliwa ndio wengi.

Ufunguo uwe namba ya safari, yaani basi na tarehe, na kila kiti kiwe na rekodi yake ndogo. Orodha ya viti vilivyobaki isomwe kwenye kashe, yaani nakala ya muda, ya sekunde 2 au 3. Kiti kama kipo kweli kitajulikana wakati wa kuandika. Simu ambayo ombi lake limekataliwa isubiri, kabla ya kujaribu tena, muda unaoongezeka na usiofanana na wa wenzake, la sivyo zote zinarudi kwa mpigo. Uwezo upandishwe kwa ratiba, saa nzima kabla ya tiketi kufunguliwa. Kwa wanaolipa kwa matumizi, tangu mwishoni mwa 2024 mnaweza kulipasha jedwali moto mapema, yaani kuliandaa lipokee mzigo mkubwa kabla haujafika, hakuna kisingizio.

Na jaribio la mzigo mlifanye kwa funguo za siku yenyewe, nyingi zikiwa za njia moja na tarehe moja. Mkijaribu kwa funguo za kubahatisha, mzigo unasambaa sawasawa na grafu inawadanganya.

Wenye mifumo hii mpo humu. Semeni: ufunguo wa jedwali lenu ni upi, na mlipima maombi mangapi kwa sekunde kwenye safari moja?