Mafundi wa Dodoma, nani aliwaambia hita ya gari haina kazi?

Wakuu, mods naomba msiunganishe uzi huu na zile za bei za spea. Hapa sizungumzii spea, nazungumzia mikono ya watu.

Nina Coaster (basi dogo la Toyota) ya mwaka 1996, injini 1HZ ya dizeli. Aliyekuwa nayo kabla yangu alitoa viti akaweka vitanda viwili, jiko la gesi na kabati. Ndiyo nyumba yangu ya kazi: nafuata alizeti Singida, asali Manyoni, nalala humohumo. Limetoka Japani, nchi ya theluji, kwa hiyo lina hita mbili, moja kwenye dashibodi na nyingine nyuma chini ya kitanda. Hazina maajabu. Maji ya moto ya injini yanapita kwenye mipira chini ya sakafu, yanaingia kwenye kirejeta kidogo, feni inapuliza, mnaota moto bure mradi injini inaunguruma.

Najua kuna atakayekuja kuuliza Dodoma kuna baridi gani. Huyo hajalala ndani ya bati pale Chamwino mwezi wa saba, upepo unavuma usiku kucha na joto limeshuka hadi nyuzi 13. Halafu mimi siishii Dodoma. Julai hii nilimpeleka mama Njombe, tukapita Mtera na Iringa. Tunaingia Mafinga usiku, mama kajifunika mablanketi mawili na khanga kichwani, ananiuliza, "Mwanangu, hii nyumba yako haina figa?" Hita zote mbili nimewasha! Ya mbele inatoa uvuguvugu kama pumzi ya mbuzi, ya nyuma inanirudishia baridi ya Mafinga vilevile ilivyo. Mshale wa joto la injini haujafika hata robo, na tumetembea kutwa.

Niliporudi nikaanza kuunganisha matukio.

Mwaka jana gari lilichemsha likipanda mlima Sekenke. Gereji ya kwanza (siitaji, wenyewe wanajijua) wakaniambia tatizo limekwisha, nilipe elfu 65. Nilifikiri wamesafisha rejeta. Kumbe walitoa themostati wakaitupa! Hiki kidude kimeandikwa 82 kwa sababu kinayazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi. Ukikitoa, usiku wa baridi injini haipati joto kamwe, inakunywa dizeli, inalika, na hita inabaki pambo. Na kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka ndiyo inaziba ile njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji mengine hayapiti rejeta kabisa. Yaani dawa yao ya kuchemsha inaweza kuchemsha gari. Nilipouliza, kijana akanijibu, "Bosi, hizi ni za nchi za baridi, huku tunatoa zote." Zote!

Gereji ya pili niliwapelekea hita ya nyuma mahsusi. Dakika ishirini tu: "Hita imekufa, bosi, spea haipo." Elfu 30 ya kuniambia hivyo. Ya tatu ndiyo waliniachia hasira ninayoandika nayo sasa, maana fundi alinishauri nikilala niweke jiko la mkaa ndani, nifungue dirisha kidogo. Jamani, moshi wa mkaa una sumu isiyo na harufu, watu wanalala hawaamki. Huyu anafundisha vijana kazi.

Jumamosi nikamwita jirani yangu mmoja wa Ipagala, dereva mstaafu wa malori. Hakugusa spana. Aliwasha injini, akasubiri, akajilaza chini akashika mipira miwili ya hita ya nyuma kwa mkono. Yote ya baridi. Akasema, "Kijana, ungekuwa mmoja wa moto mwingine baridi, ningesema kirejeta kimeziba au koki imefungwa. Ingekuwa yote ya moto, ningekutuma kwenye feni na fyuzi. Hii maji hayafiki." Akaufuata mpira mkono kwa mkono kuelekea mbele, na karibu na giaboksi akaacha kuongea, akaniita.

Mpira wa kwenda nyuma umekunjwa mara mbili kama soksi, umefungwa kwa tyubu ya baiskeli na waya wa kujengea. Pembeni yake, kipande cha bomba la maji, la nusu inchi, kimeunganisha njia irudi kwenye injini. Kazi ya nani? Sikumbuki kuombwa ruhusa. Bomba lenyewe limeshaota kutu.

Tulipofungua kirejeta cha nyuma tukakisukumia maji kinyumenyume, taratibu, yalitoka magamba meupe kama ya birika. Wana Dodoma mnayajua magamba hayo. Miaka mingapi wanajaza maji ya bomba humo? Kulanti (maji maalumu ya rejeta) hawaitaki, wanasema ni rangi tu. Hapa tuko mita elfu moja na mia na kitu juu ya bahari, maji matupu kwenye sufuria yanachemka nyuzi 96 hivi, na bado mtu anakuwekea maji matupu na kifuniko cha rejeta ambacho mpira wake umekatika, presha ya kuzuia maji yasichemke mapema haikai.

Tumeweka themostati mpya, mipira mipya, kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri (ya kuongezea, si asidi). Siku ya kwanza hita ya nyuma bado ilikuwa baridi, nikataka kulia. Hewa tu ilikuwa imenasa kwenye ile mipira mirefu. Tulipandisha pua ya gari kwenye kilima, injini ikiwa baridi tukafungua kifuniko, koki ya hita wazi, tukawasha. Rejeta ikabeua, tukaongeza maji, ikabeua tena, kama dakika kumi. Halafu mzee akaweka kiganja juu ya kitanda, akacheka.

Mshale sasa unatulia katikati. Picha ya lile bomba nitaiweka jioni nikipata bando. Ile themostati yangu ya zamani nilipoidai, wakasema ilikwenda na skrepa. Elfu 65 yangu lakini haijaenda na skrepa, na Jumatatu nitakuwa pale getini mapema kabla hawajanywa chai.