Tupeane uzoefu: fyuzi ya gari iliyokuungulia mahali pabaya

Mwana wa Kisauni: Ndugu zangu, jana mvua ilinikuta Buxton, hapa Mombasa, na wipa zikagoma ghafla, nami kifuniko cha kisanduku cha fyuzi kimeandikwa Kijapani kitupu. Yako iliungulia wapi, na ulijinasua vipi?

Bi wa Likoni: Yangu iliungulia ndani ya feri. Ilikuwa magharibi, watu wamejaa hadi mlangoni, na magari yote yamezimwa injini kama ilivyo desturi. Tulipofika upande wa kisiwani nikazungusha ufunguo. Starta ikazunguka vizuri, taa zikawaka, lakini injini haikuitika, wala sikuusikia ule mvumo mdogo wa pampu ya mafuta chini ya kiti cha nyuma. Honi zikaanza. Mchuuzi mmoja akaweka kapu lake la korosho juu ya boneti yangu, akawaita wenzake, wakanisukuma kuupanda ule mwinuko wote huku korosho zikinitazama. Huko juu nikafungua kisanduku: fyuzi ya buluu, iliyoandikwa 15, yaani ampea inazostahimili, utepe umekatika katikati na plastiki imeingia weusi. Kwa kuwa sikuwa na ya akiba, nilichomoa ya redio iliyokuwa na namba ileile, nikaipachika pale, na gari likawaka. Nilifika nyumbani bila taarab.

Dereva wa Changamwe: Hata mimi, ila yangu ilikuwa ya honi, na kupita Mwembe Tayari bila honi ni kujitafutia ugomvi.

Mzee wa Mji wa Kale: Mnajisumbua bure. Izungushieni ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, mtafika.

Fundi wa Magongo: Shikamoo mzee wangu, lakini kwa hilo sitanyamaza. Fyuzi imewekwa ikatike kabla waya haujayeyuka. Ukitia karatasi hiyo, au ukitia ya kijani ya 30 mahali pa buluu ya 15, kitakachoungua ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi usikoona. Zima gari, chomoa, rudishia namba ileile, na ikikatika tena papo hapo, jua kuna shoti, yaani waya umegusa mahali pasipofaa.

Mzee wa Mji wa Kale: Marahaba. Nimefanya hivyo tangu enzi za fyuzi za kioo, na sijaungua.

Fundi wa Magongo: Na gari je?

Jirani wa Bombolulu: Shoti yangu ilikuwa panya, aliyeguguna waya wa taa za nyuma mpaka shaba ikagusa bodi. Fundi mmoja alitaka kubadilisha waya zote, mwingine akasema nifuge paka. Nimefuga paka, naye sasa hulala juu ya injini.

Mkaazi wa Nyali: Msisahau chumvi ya bahari. Fyuzi huwa nzima, ila vyuma vinavyoishika vimeingia kutu ya kijani na umeme haupiti. Fungua kwanza waya wa hasi wa betri, kisha uvikwangue taratibu kwa msasa laini.

Mzee wa Mji wa Kale: Gari nililiuza Mtwapa, na aliyelinunua hajarudi kulalamika.