Nimeuziwa kifaa cha kusomea vitabu cha inchi 6, eti "kinafungua PDF zote". Wauzaji, acheni hii tabia!

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnivumilie, uzi utakuwa mrefu kwa sababu nina hasira na sitaki mwingine apigwe kama nilivyopigwa mimi.

Nakaa Chanika, kazini kwangu ni Posta. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nabadilisha gari Gongo la Mboto, na kwa siku sikosi saa nne barabarani kwenda na kurudi. Hizo ndizo saa zangu za kusoma, maana nyumbani kuna watoto na jioni kuna chuo. Nilikuwa nasomea kwenye simu, macho yakawa yananiwasha na chaji inakata kabla sijafika. Nikaamua kutafuta kile kifaa kidogo cha wino wa kielektroniki, ambacho wengi tunakiita Kindle hata kikiwa cha kampuni nyingine. Kinaingia kwenye mkoba, juani kinasomeka kama karatasi, na chaji inakaa wiki kadhaa kwa sababu skrini yake inakula umeme hasa pale unapofungua ukurasa mwingine. Nikadunduliza miezi mitano, laki nne na nusu.

Dukani sikwenda kimya. Nilimweleza yule kijana: mdogo wangu, mimi nasoma Kiswahili, vitabu vyangu karibu vyote ni PDF, vingi ni vya zamani vilivyoskaniwa, pamoja na notsi za chuo. Akajibu bila hata kufikiri, "Dada'angu, hii inafungua PDF zote, ina GB 16, utajaza maktaba nzima." Akanionyesha boksi, na kweli neno PDF limeandikwa pale. Nikalipa.

Usiku ule ule nikaingiza riwaya moja iliyoskaniwa. Ukurasa ukafunguka, hapo hakudanganya. Lakini herufi zilikuwa kama sisimizi! Chukueni rula muone wenyewe. Skrini ya inchi 6 ina upana wa kama sentimita 9 na urefu wa 12. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Ukurasa mzima ukibanwa humo unabaki na asilimia kama 40 ya ukubwa wake, kwa hiyo herufi ya pointi 12 inageuka pointi 5. Ile karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani ya boksi la dawa ina maandishi makubwa kuliko hayo.

Mtasema kuza basi. Nimekuza. Skrini hii haiendi kama ya simu. Kila ukiisogeza inafumba na kufumbua, nyeusi kisha nyeupe, ndipo maneno yatokee. Mstari mmoja nausoma nusu, nasukuma ukurasa nione nusu nyingine, kisha narudi nilikotoka kutafuta mstari unaofuata, na mara nyingi naurudia ule ule. Sasa nifanye hivyo nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, abiria wa nyuma ananisukuma na konda anataka nauli? Na ile sehemu ya kuongeza ukubwa wa herufi, ambayo ndiyo raha yenyewe ya vifaa hivi, kwenye faili lililoskaniwa haifanyi kitu. Kwa kifaa pale hakuna herufi, kuna picha ya karatasi. Hilo ndilo alilotakiwa kuniambia, sentensi moja tu!

Kesho yake nikarudi. "Ukishafungua boksi hairudishwi." Nikaomba kuonana na mwenye duka, naye akauliza, "Si inafungua?" Inafungua, kaka, lakini haisomeki! Mimi nilikuja kununua kitu cha kusomea.

Kwa wanaodhani hatuna pa kusimamia: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji anataka bidhaa kwa kazi gani, na ikaonekana anategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Mimi nilieleza, na shahidi ninaye, nilikwenda na mdogo wangu. Mwanasheria yeyote humu aniambie nianzie wapi.

Na wale wanaochambua vifaa mitandaoni wana sehemu yao. Niliangalia video zao wiki nzima kabla ya kununua. Gramu ngapi, rangi ya kava, nukta 300 kwa inchi, kinavumilia maji. Zote wanafungua riwaya ya Kiingereza iliyonunuliwa kwenye duka la kampuni hiyo hiyo, herufi zimejipanga vizuri kwa sababu faili ni EPUB au aina inayofanana nayo, ambayo maneno yake yanajipanga upya kulingana na skrini. Katika zote nilizoangalia, hakuna aliyefungua kitabu chetu kilichoskaniwa.

Wachapishaji wetu pia! Nimetafuta EPUB za riwaya sita za Kiswahili ninazozipenda, nipo tayari kulipa, sikupata hata moja. Kitabu kimoja nilishakilipia shilingi 8,000, kumbe kimefungiwa ndani ya programu ya simu, hakitoki. Kwa hiyo nimerudi kule kule kwenye simu inayoniumiza macho, na laki nne na nusu imelala kwenye droo.

Anayetaka kununua asome hapa kwanza. Kama vitabu vyako ni EPUB, inchi 6 au 7 inakutosha kabisa na utafurahi. Kama ni PDF za A4, tafuta ya inchi 10 kwenda juu, ingawa hiyo mkobani inakuwa mzigo na bei inapanda sana. PDF ambayo maneno yake yanaweza kuchaguliwa na kunakiliwa, unaweza kuigeuza kwa programu ya bure ya calibre kwenye kompyuta, japo aya zinavurugika na namba za kurasa zinaingia katikati ya sentensi. Kwa zilizoskaniwa kuna k2pdfopt, nayo ya bure, inakata picha ya ukurasa vipande vipande na kuvipanga upya vitoshee skrini ndogo. Kitabu changu cha kwanza kimenichukua Jumapili nzima. Kukigeuza kifaa kikae kwa upana nako kunasaidia kidogo, herufi zinafika kama pointi 7, ila kila ukurasa unausoma kwa vipande viwili au vitatu.

Kabla hujatoa hela, nenda dukani na faili lako mwenyewe, waambie walifungue kwenye kifaa kile kile, usome ukurasa mzima pale pale ukiwa umesimama. Wakikataa, ondoka.

Jumamosi narudi pale dukani na risiti, kifaa na riwaya yangu humo ndani. Nitampa yule kijana anisomee ukurasa mmoja kwa sauti, mbele ya wateja.