Tupeane uzoefu: kosa gani la hesabu lilikutesa hadi siku ulipolishtukia?

Wakuu, habari za muda huu. Leo nimemkuta mdogo wangu amekwama kwenye mzingo na eneo, nikacheka peke yangu maana nami niliteseka hapohapo. Niliamini maumbo yenye mzingo sawa lazima yawe na eneo sawa. Aliyenitoa tongotongo ni mwalimu mmoja: alinipa uzi wa sentimita 20 uliofungwa ncha kwa ncha, na karatasi ya miraba. "Tengeneza mistatili, hesabu miraba ya ndani." 1 kwa 9, miraba 9. 2 kwa 8, 16. 3 kwa 7, 21. Uzi ni uleule! Nilipofika 5 kwa 5 nikapata 25, nikadhani nimekosea, nikahesabu upya kwa kidole. Haya, leteni yenu.

Kimo Mshazari: Jina linajieleza, mkuu. Pembetatu ya pande 5, 5 na 6. Nikachukua kitako 6, nikazidisha kwa 5, nikagawa kwa 2, nikapata 15 na kuweka kalamu chini kwa mbwembwe. Jibu ni 12. Ule upande wa 5 umelala, kimo husimama wima. Kinakikata kitako 3 na 3, unabaki na pembetatu ya 3, 4, 5, kwa hiyo kimo ni 4. Siku hizi sigusi kanuni kabla sijaona pembe mraba iko wapi.

Binti Mabano: Mie fanksheni. Nilidhani f(x) ni f mara x. Likaja swali: f(x) = x² + 1, tafuta f(4). Nikagawa pande zote kwa x ili nipate "f". Msinicheke! Dada yangu ndiye aliyenieleza kuwa f ni jina tu la mashine, na kilicho kwenye mabano ndicho unachoitupia. Itupie 4, inakutemea 17. Itupie a + 2, inatema (a + 2)² + 1, yaani a² + 4a + 5. Hiyo 4a katikati imewaliza wengi, wanaandika a² + 5 na kuondoka zao.

Juha wa Kikokotoo: Nyongeza kwa hapo juu. Fanksheni hiyohiyo, f(−3). Nikabonyeza −3² ikaja −9, nikajumlisha 1, nikaandika −8. Jibu ni 10. Wiki nzima nilikuwa naamini kikokotoo kibovu, kumbe chenyewe kilipandisha 3 kwenye kipeo kwanza, ndipo kikaweka hasi. Mabano jamani.

Sakafu: Chumba cha sentimita 300 kwa 400. Nikapata 120,000, nikagawa kwa 100 "kupata mita", nikaandika mita za mraba 1,200. Chumba cha kulala hicho! Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, kwa hiyo ni 12 tu.

Mpenda Grafu: Mleta mada, uzi wako nao ni fanksheni. Upande mmoja ukiwa x, wa pili ni 10 − x, eneo ni x(10 − x). Ichore: inaanzia 0, inapanda hadi 25 pale x ikiwa 5, inashuka hadi 0 kwenye 10. Nilichora parabola mwaka mzima bila mtu kuniambia ni kitu gani hicho kinachopanda na kushuka.

Kimo Mshazari: Kwa hiyo uzi huo hauwezi kuzidi 25?

Mpenda Grafu: Kwa mistatili, hauzidi. Ufanye duara uone. Nusu kipenyo ni 20 gawa kwa 2π, kama 3.18, na eneo linafika kama 31.8.

Mleta mada: Duh. Ngoja nikamwite dogo, uzi nnao.