Tupeane uzoefu: ulimwambia nani kwanza kwamba hauko poa?

Wadau habari za jioni. Hapa Nairobi ukiulizwa "uko aje" jibu liko tayari mdomoni, "niko poa", hata kama usiku mzima hujafumba jicho. Mimi nimekuwa nikilisema tangu tumzike mama mwezi wa nne. Alikuwa ananipigia kila siku saa moja jioni nikishuka matatu, swali lake moja tu, "umeshakula?" Sasa saa moja ikifika nasimama pale steji na simu mkononi kama mtu aliyepotea, watu wananipita. Aliyenigundua ni mama wa mlango wa pili kwa ploti yetu. Nguo zangu zilikaa kwa kamba siku nne, zikanyeshewa, zikakauka, zikanyeshewa tena, jioni moja akagonga amezikunja vizuri akaniuliza, "Kwani wewe uko na nini siku hizi?" Nikalia hapo hapo mlangoni. Akaingia akaketi kitandani, hakusema pole wala nini, akangoja nimalize. Na wewe je, ulimwambia nani kwanza? Kuna mtu anasoma hapa hajapata wa kumwambia.

Kijana wa Roysambu:
Mimi ilinianzia kwa matatu hapo Allsops, jam imeshika, ghafla moyo mbio, vidole ganzi, pumzi haiingii, nikajua basi mimi nimeisha. Wa kwanza kumwambia alikuwa makanga, nikamwambia "buda nakufa", akanishusha akakaa na mimi kando ya barabara mpaka nikaweza kuongea, na abiria bado wako ndani wanangoja. Hospitalini wakapima moyo, uko sawa. Daktari akanieleza ni mwili umepiga kamsa na hatari haipo, na hiyo hali hupanda ikafika kilele ndani ya kama dakika 10 halafu inashuka yenyewe. Akanifundisha kutoa pumzi polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Lakini iliyonisaidia zaidi ni kuacha kukwepa, juu nilikuwa nimeanza kutembea kwa miguu hadi tao na kila nilipokwepa woga ulizidi. Nikarudi kidogo kidogo, wiki ya kwanza napanda Roysambu nashuka Allsops, wiki ya pili Pangani, mpaka siku moja nikajikuta tao.

Baba Wawili:
Nilisimamishwa kazi Industrial Area nikaendelea kutoka nyumbani saa kumi na mbili kila asubuhi, nakaa kwa benchi pale Jeevanjee hadi jioni. Wiki tatu. Siku niliyomwambia mke wangu akaniambia alijua kitambo, mikono yangu ilikuwa imeacha kunuka grisi, alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Kazi sijapata bado lakini usingizi umerudi.

Dada wa Kayole:
Kwetu ni ndugu yangu mdogo. 2023 alijaribu kujitoa uhai na nyumba nzima tukafunga mdomo, hata daktari tulimdanganya, juu kifungu cha 226 cha sheria za jinai kilifanya hilo kuwa kosa na tuliogopa atoke wodini aingie seli. Fikirieni, mtoto amezidiwa na sisi tunapanga uongo wa kumwambia daktari, hilo bado linaniuma. Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho kinaenda kinyume na Katiba, nilisoma hiyo habari nikiwa kwa kibanda changu cha mboga, nikafunga mapema nikaenda kumwambia. Siku hizo ndio tulianza kliniki tukasema ukweli wote. Dawa ilichukua wiki kadhaa kabla tuone mabadiliko, wiki ya pili tulikuwa karibu kuiacha, kwa hivyo tafadhali ukipewa usiache kabla hujarudi kuongea na daktari. Pasta anatuombea pia na maombi hatujaacha. Na kama usiku huu hauna mtu kabisa, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, hailipishwi, kuna mtu wa kukusikiliza.

Mwanzilishi:
Asanteni sana, nimewasoma wote nikiwa hapa kwa mama wa mlango wa pili, na saa moja imepita sijaiona. Ameniuliza kama nimekula. Hajui hilo swali lilikuwa la nani. Nimemwambia bado, ameenda kuongeza unga kwa sufuria, akirudi nitamwambia.